Simu ya Mama Yaadhini Adhuhuri Magharibi

Siku ya tatu tangu mama aanze kutumia simu niliyompelekea, ujumbe wa sauti uliniingilia nikiwa kwenye basi la kazini, Sharjah, huku Imarati, tunarudishwa kambini. "Mwanangu, hii simu yako ina wazimu? Watu waenda msikitini kusali magharibi, yenyewe yaadhini. Nimeitazama, imeandika adhuhuri." Nyuma ya sauti yake nasikia adhana mbili, ya msikiti wa mtaani na ya simu, zinakimbizana.

Nilicheka, kisha nikaanza kuhesabu. Kwetu Lamu adhuhuri huingia saa sita na robo na kitu, magharibi saa kumi na mbili na nusu hivi. Baina yake ni saa sita. Saa sita kamili! Hapo kicheko kikanikauka, maana nilijua ni nani aliyeiharibu ile simu. Wako wawili, na mmoja wao ni mimi.

Wacha nianze mwanzo.

Simu yenyewe ilikuwa yangu, ya zamani, kioo kina ufa pembeni. Nilimpa mtu wa kwetu aliyekuja Deira, mtaa wa Dubai, kununua nguo za biashara. Ikafika Mombasa, ikalala kabatini kwa ndugu miezi, hapana mtu wa kuipeleka. Mwisho ikapanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa mashua, ikamfikia mama betri imekufa zamani. Akaitia chaji, ikaamka. Ila iliamka inaamini ni Januari mosi ya mwaka uliopita kitambo.

Hilo mwanzo sikulijua. Nilichojua ni kwamba nimempigia kwa simu ya kawaida, kwenye mulika mwizi yake, na dakika zangu zinakatika kama barafu juani. Imarati ukitaka kupiga simu ya sauti au ya video kwa WhatsApp haiendi. Maandishi, picha na ujumbe wa sauti vinapita bila taabu, simu zenyewe hazipiti. Kuna programu zilizopewa kibali, kama BOTIM, lakini huko ni lazima na wa upande wa pili awe nayo. Ndiyo maana nilitaka kwanza mama aingie WhatsApp, hayo mengine yafuate.

"Andika namba yako, mama. Chagua Kenya, itakuja 254. Ile sifuri ya mbele iache."

"Niiache kwani imefanya nini?"

"254 imeshika nafasi yake."

Akaandika. Tukangoja tarakimu sita. "Hazikuya," ananiambia. Tukangoja tena. "Mwanangu, nakwambia hazikuya." Karibu nimwambie abonyeze atumiwe upya, na ukirudia rudia unawekewa muda wa kungoja, mwisho unaambiwa rudi baada ya masaa. Bahati nikauliza, "Laini yako iko simu gani?" Iko kwenye mulika mwizi, ile aliyoiweka sikioni. Yeye anazitafuta tarakimu kwenye simu mpya, na zimeshaingia kwenye hii anayoongea nayo! WhatsApp haijali laini iko wapi, inachotaka ni namba ile ipokee ujumbe tu. Akakata simu akazisome.

Kabla hajakata nilimhusia: "Hizo tarakimu usimsomee mtu yeyote, hata akijitia ni wa kampuni. Mwenye kuzipata ameipata akaunti yako."

Akanyamaza kidogo. "Na wewe si mtu?"

Basi nikamwambia aziandike mwenyewe, asinisomee. Na akafanya hivyo, na mpaka leo hakuna aliyezisikia.

Lakini kabla ya hizo tarakimu kulitangulia lile la tarehe. Mara ya kwanza nilipompigia akanisomea herufi kwa herufi: tarehe ya simu yako si sahihi. Watu wengi hapa huifuta programu na kuipakua upya, mara tatu mara nne, bando linakwisha na hakuna kilichobadilika. Programu haina kosa. Simu inapoongea na seva, kompyuta za WhatsApp zenyewe, huonyeshwa cheti cha utambulisho, na cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Simu iliyolala miaka nyuma inakiona cheti hakijazaliwa, inakikataa. Dawa ni kurekebisha tarehe, basi.

Lakini kumwelekeza mtu asiyeonekana, kwa simu, afungue Mipangilio! Nilimwambia atafute alama ya gurudumu. Hakuna gurudumu. Gia? Gia ni nini, kwetu tuna punda. Nikafikiri, nikasema, kiduara chenye meno pembeni. "Aa," anasema, "kilicho kama ulimi wa mbuzi." Mbuzi ya kukunia nazi. Nilikuwa nimeitazama alama ile miaka kumi sikuwahi kuona mbuzi. Tangu siku hiyo, kwetu Mipangilio inaitwa mbuzi. "Ingia kwenye mbuzi, teremka mpaka tini."

Akaingia kwenye mbuzi, akafika Tarehe na saa, akapanga siku, mwezi na mwaka. Sawasawa kabisa. Kisha saa. Nikamuuliza, huko ni saa ngapi? "Saa tatu na robo." Nikamwambia, haya, panga hiyohiyo, nami akili yangu iko kwenye salio.

Akapanga 3:15.

Mnaona? Kwake saa tatu ni tatu. Jua limetoka, zimepita saa tatu, andika tatu. Ni mimi niliyezoea kuona 9 nikasema tatu bila kujijua, hesabu naifanya kichwani kama mtu anayetafuna. Simu haina habari ya saa ya Kiswahili, ingawa maandishi yake yote yako kwa Kiswahili. WhatsApp ikakubali, kwa kuwa siku ilikuwa sawa na saa sita si kitu kwa cheti. Iliyokataa kunyamaza ni programu ya adhana, ambayo nayo inafuata saa ya simu: ikifika 12:17 inaadhini adhuhuri, na 12:17 ya simu ya mama ilikuwa jua linazama.

Kosa la mama ni hilo, kama ni kosa. Langu ni kubwa zaidi. Simu hujipangia saa yenyewe kutoka kwenye mtandao ukiiacha, na kawaida hutoka kiwandani imeachwa hivyo. Hii ilikuwa imezimwa. Niliizima mimi, mwaka wangu wa kwanza hapa. Imarati iko mbele ya Kenya kwa saa moja, saa moja tu, na saa moja hiyo ilikuwa ikinikera kuliko kama ingekuwa nane. Nikawa na simu mbili, ya kazi yenye saa ya hapa, na hii nikaikataza kufuata mtandao ili ibaki na saa ya nyumbani. Jioni za Ramadhani nafuturu hapa, kisha naitazama ile: bado. Bado. Sasa wanateremsha sinia. Nilipoifunga kwenye mfuko nikampa msafiri, lile katazo likaenda nalo.

Kurekebisha kulichukua nusu dakika. Ingia kwenye mbuzi, Tarehe na saa, washa kile kitufe cha saa kujipanga yenyewe. Kikageuka rangi. "Imeruka yenyewe," anasema, "imekuwa saa mbili usiku." Nikamuuliza imeandika ngapi. 8. Akaikubali, ingawa sidhani ameisamehe.

Yaliyobaki yalikuwa madogo. Namba yangu ya hapa ilibidi aihifadhi na 971 mbele, vinginevyo simu inaitafuta Kenya. Nami namba zote za nyumbani nilizokuwa nimezihifadhi kwa 07 nilizirudia kwa 254, ndipo majina yakajitokeza. Kuna siku ujumbe ulikuwa haumfikii mpaka aifungue programu, tukakuta uokoaji betri umewashwa, unazilaza programu zisizofunguliwa. Na video za vikundini nilimwelekeza azizime zisijipakue, maana zilishaanza kula nafasi. Mtandao nao hauzipenyi kuta za kwetu: Wi-Fi ya mdogo wangu iko msana wa tini, ukumbi wa chini, na jiwe la matumbawe unene wake ule, mama akiwa ndani hapati kitu. Hupanda darini, yuu, penye upepo.

Huko darini ndiko anakorekodi. BOTIM tuliijaribu mara mbili, akasema uso wake haupendi, tena hajajifunga leso vizuri. Ujumbe wa sauti ndio wake. Nilimfundisha kutelezesha kidole juu ili kipaza sauti kijifunge asichoke kukibonyeza, na kukifungua sikumfundisha.

Juzi nimepata wa dakika kumi na moja. Dakika ya kwanza ni salamu, na habari ya mtoto wa jirani aliyefaulu. Kisha "haya, mwanangu, kwaheri," na nyayo zinateremka ngazi. Punda analia kwenye usita, njia ya mtaani, mtu anamwita mtu. Mama anabishana na muuza samaki kwamba huyu changu wa jana. Kisha kiti kinavutwa, na mbuzi ile ya kweli inaanza kukuna, kwa muda mrefu, nazi mbili kwa kukisia kwangu.