Nilivyoacha kugawa nusu pointi mwishoni mwa mchezo

Kila niliyemuuliza kwa nini sipandi kwenye jedwali la mashindano ya sataranji (chesi) alinijibu: kariri ufunguzi, yaani hatua za mwanzo. Nimekariri. Hatua ya 15 nafika kwa raha zangu, hatua ya 50 nampa mtu sare, nusu pointi ambayo mwenyewe alishaikatia tamaa.

Iliyoniuma kuliko zote ilikuwa mashindano ya wikendi Nairobi, raundi ya mwisho. Mimi weupe: mfalme e3, askari e2 (herufi ni mstari wa wima, namba ni safu ya mlalo). Yeye mfalme e6, basi. Zamu yangu. Nikasukuma askari e4, haraka kama mtu anayewahi matatu. Akaweka mfalme e5. Nikarudi f3, akarudi e6. Mimi f4, yeye f6. Nikasukuma askari e5, cheki (mfalme wake kashambuliwa), akarudi e6. Mfalme wangu e4, wake e7. Mimi d5, yeye d7. Cheki nyingine ya e6, yeye e7. Mimi e5, na hapa ndipo nilipomwombea akosee: angeenda d8 au f8 ningeshinda. Akarudi nyuma moja kwa moja, e8. Mimi d6, yeye d8, askari e7 cheki, yeye e8, mimi e6. Hana cheki, hana pa kwenda, na hiyo kikanuni ni sare. Akanipa mkono huku anacheka.

Hatua sahihi ilikuwa mfalme e4. Wafalme wanatazamana, mraba mmoja kati yao, na zamu ni yake, kwa hiyo lazima aachie njia: akienda d6 napita f5, akienda f6 napita d5. Askari anabaki e2 kama akiba. Ukikwama, msogeze e3 na zamu inamrudia yeye. Mfalme wako akishatia mguu safu ya 6 mbele ya askari wake, umeshinda hata zamu iwe ya nani, isipokuwa askari wa mistari ya pembeni, a au h.

Kozi sikununua. Programu ya bure kwenye simu, dakika 3 kila upande, nafasi ileile mara 10 weupe, mara 10 weusi. Weusi ndio walionifundisha zaidi.

Kwenye ngome (kete inayokwenda mstari mnyoofu) nilikuwa na kosa jingine, woga. Ukiwa weusi na ngome moja dhidi ya ngome na askari, weka mfalme mbele ya askari, ngome ishike safu ya 6, kisha cheza a6, b6, h6, huku na huku tu, mfalme wake asipite. Askari akikanyaga safu ya 6, hapo hapo shusha ngome mpaka safu ya 1 na mpige cheki kwa nyuma. Hana tena pa kujificha. Mchezaji wa Kifaransa Philidor alilionyesha hili mwaka 1777, mimi bado nilikuwa naishusha kabla ya wakati.

Hila ninayojivunia: mpinzani ana askari wa g na h pamoja na askofu wa miraba meupe (huenda kimshazari, rangi habadilishi), mimi farasi tu, mfalme wangu kakaa g7. Nikamtoa farasi kwa askari wa g. Jamaa akatabasamu, akala. Sasa kabaki na askari wa h, na h8, anapotaka kumgeuza askari kuwa malkia, ni mraba mweusi, askofu wake haugusi kamwe. Nikawa naenda h8, narudi g7, naenda h8. Alizunguka hatua kama 30 kabla ya kukubali.

Na nafasi ikikaribia kujirudia mara ya tatu, usiiguse kete. Andika hatua unayokusudia kwenye karatasi yako ya hatua, simamisha saa, mwite mwamuzi, dai sare. Ukishagusa, haki ya kudai kwa hatua hiyo imekwenda. Najua, kwa sababu niligusa.