Miezi 9 na bado anatema vibonge: jinsi tulivyomzoesha kutafuna

Shida ilikuwa blenda. Mtoto aliyezoea rojo hujua kumeza tu. Kibonge kikimfikia, hukisukuma nje kwa ulimi. Tuliacha kusaga, tukaponda viazi vitamu kwa uma, tukiacha vibonge vikubwa kidogo kila baada ya siku chache. Kilichosaidia zaidi ni kumpa ashike mwenyewe kipande cha kiazi, urefu wa kidole, kilichoiva hadi kubonyea kati ya vidole viwili. Kijiko nacho kipelekwe pembeni, kwenye fizi. Hata bila magego taya huanza kusaga. Akae wima. Akikohoa au kutaka kutapika, msubiri. Akishindwa kulia wala kukohoa, amekabwa: mlaze kifudifudi mkononi, kichwa chini, mpige katikati ya mabega hadi mara 5. Karanga nzima, hapana.