Nilivyoinyamazisha nganda ya jirani, nusu

Nyumba yetu ni ya mbao, hapa kartie (mtaa) Virunga, Goma, juu ya makoro, yaani mawe ya lava, ya mlipuko wa volkano wa 2002. Nganda, yaani baa ya muziki, ilipofunguliwa mita 12 kutoka chumba chetu cha kulala, usingizi wa wikendi ukaisha.

Kosa langu la kwanza lilikula pesa. Fundi alipigilia safu ya pili ya mbao nje, juu ya fito za sentimita 10, ukuta ukawa na tumbo la hewa. Chini na juu tuliacha upenyo, maana mvua za Goma zikilowesha mbao zisizopata hewa, zinaoza. Ijumaa ilipofika, bado nilisikia kila neno la wimbo! Sauti ilipita upenyo uleule, ikakuta mbao za zamani zilizojaa nyufa. Upenyo siwezi kuuziba, ndio unaokausha ukuta. Basi kazi ilikuwa ukuta wa ndani.

Tuling'oa mbao za nje (misumari mara mbili, ndiyo). «Papa, tungoje giza,» fundi akasema. Usiku mke wangu akapita nje na tochi, mimi ndani na kipande cha mkaa, natia alama kila mwanga ulipopenya. Alama 43. Ukuta ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, haupunguzi sauti zaidi ya takriban desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hata ungekuwa wa zege. Tuliziba kwa unga wa mbao na gundi. Nyufa pana tukazigongea vipande.

Kisha sufu ya mawe, ile ya mwamba ulioyeyushwa ukavutwa kuwa nyuzi. Fundi aliitoa kwenye tanuri la mikate lililobomolewa. Iliniwasha mikono siku mbili. Sentimita 6 tulizibana kwenye ukuta wa ndani, 4 tukaachia hewa, ndipo mbao za nje zikarudi. Trei za mayai, alizozisifu shemeji, hazizuii sauti kupita. Zinapunguza kidogo mwangwi wa chumbani tu.

Simu yangu, ambayo si kipimo cha maabara, ilionyesha desibeli 68 kitandani kabla, 54 baadaye. Maneno ya nyimbo siyasikii tena.

Bezi, ile sauti nzito ya chini, ndiyo imekaidi. Wimbi la hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) lina urefu wa karibu mita 7, sufu yangu haliioni. Linataka ukuta mzito, na mbao ni nyepesi. Nilimwendea mama wa nganda kwa heshima, akakubali kuweka spika juu ya matairi. Kitanda nimekihamishia ukuta wa pili.