Siku moja maishani mwangu: baba wa nyumbani, Tabata

Saa 11 alfajiri. Mdogo kashaamka, mama yake anakimbizana na foleni ya Mandela, mi nakoroga uji wa ulezi jicho moja limefumba. Zamani saa hizi nilikuwa nishafungua laptop, nilikuwa meneja kwenye kampuni ya ukaguzi wa mahesabu, CPA mzima, na Januari mpaka Machi nyumbani nilikuwa nakuja kuoga tu. Mkubwa alipozaliwa nilipata likizo ya siku 3, ndo sheria inazompa baba, mama ana 84. Alivyokuja wa pili na dada wa kazi akaondoka tukapiga hesabu, kazi ya mke wangu ina bima ya familia nzima, yangu ina safari za mikoani. Nikaandika barua.

Saa 12 na robo gari la shule linapiga honi, soksi moja haionekani.

Saa 3 kliniki, chanjo ya surua ya miezi tisa. Benchi zima akina mama na vitenge vyao, halafu mimi. Nesi anaita jina, ananichungulia mgongoni, "mama yake yuko wapi?" Kazini. "Kwa hiyo leo baba upo off?" Nikamwambia hapana, mi ndo nashinda nae kila siku. Bibi mmoja pembeni akasema "pole baba". Pole ya nini sasa bibi! Mtoto akapimwa, mstari kwenye kadi umepanda, na mi mtu wa mahesabu grafu ikipanda nafurahi bwana.

Saa 7 kalala, nafua. Mzee anapiga kutoka Moshi: "Mwanangu, bado hujapata tu?" Nishamweleza niliacha mwenyewe, kanisani anawaambia niko likizo ndefu.

Saa 9 LUKU inapiga kelele. Hapa ndo pagumu kuliko nepi zote, kumwomba mke hela ya umeme, mwanzoni nilikuwa bora nikae giza. Sasa hivi tarehe 25 anatuma ya mwezi mzima, hakuna kuombana. Ila ile asilimia 20 ya mshahara iliyokuwa inaingia NSSF, mfuko wa pensheni, kila mwezi imesimama, na hilo uzeeni litaniuma, siwadanganyi.

Saa 2 usiku mama mtu karudi, kampokea mdogo, mi nasoma group la ofisini, sijatoka bado, wanalia mteja kachelewesha bank statement. Nacheka peke yangu.

Saa 3 mkubwa anakumbuka kusema kesho shuleni wanatakiwa wavae njano.