Chimba uani kabla ya msikiti

Magofu ya msikiti ya Chwaka, kaskazini ya Pemba, humvuta kila mgeni. Mimi, nikichimba mambo ya kale, ningeanzia Tumbe, jirani yake, mji wa nyumba za udongo wa karne ya 7 hadi ya 10. Huko magae ya mitungi ya Ghuba ya Uajemi yamekutwa pamoja na ya vyungu vya kienyeji.

Nyumba ya fito na udongo haiachi ukuta. Huacha sakafu iliyoshindiliwa, mashimo ya nguzo yenye udongo mweusi laini, na madongo ya kukandikia yaliyoungua, alama za fito zingalipo. Pata kibali, kisha shuka kidogokidogo, kina cha sentimita 5 kila mara. Rangi ya udongo ikibadilika, simama hata kama 5 hazijatimia. Tabaka la juu kwa kawaida limeshavurugwa na jembe la muhogo, usilitegemee. Adui mkubwa ni kaa: shimo lake huteremsha ushanga wa juzi hadi kwa watu wa kale. Ukiona duara la udongo teketeke wenye rangi ya juu, lichimbue peke yake, mfuko wake mbali.

Wenye nyumba walifagia. Magae makubwa yaliishia jaani. Sakafuni hubaki miba ya samaki, shanga na mbegu. Chekecheo la milimita 5 huzipoteza. Kila tabaka chota debe la udongo ulioshe, mkaa na mbegu vielee. Kwa njia hiyo imejulikana kuwa Tumbe walikula zaidi uwele, na Chwaka, iliyofuata, mchele ukatawala.

Kwenye hesabu ya magae ndiko watu hudanganyika. Mtungi mmoja mkubwa wa rangi ya feruzi ukivunjika hutoa magae tele, na nyumba ikaonekana ya tajiri. Hesabu midomo ya vyombo, kisha pima uzito. Wachimbaji wa miji ya Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati, nawaonea wivu: kila chimbuko la obsidiani, kioo cha volkano, lina kemia yake, hivyo kipande cha kisu jikoni hutambulikana kama ni cha El Chayal, Guatemala, au cha Pachuca, Mexico. Sisi tunabaki na shanga za kioo, ambazo nazo hupimwa kemia.

Na gae lenye mifereji usilitupe. Tumbe walisugulia shanga za makombe juu yake. Mfereji wa kusugulia una ulaini na mviringo ndani. Mkwaruzo wa jembe ni mkali, na rangi yake mpya.