Kilo Zilizokwama Kwenye Waya

Oktoba 2016, msimu wa korosho ukiwa ndiyo kwanza umeanza, mjomba alinipigia simu kutoka Newala alfajiri. Hata salamu hakutoa.

"Njomba, kompyuta ya mzani imekufa. Umeme ulikatika jana usiku, uliporudi ikatoa moshi. Watu wameshaleta magunia."

Mjomba alikuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika, na kwetu mjomba akikuita huulizi mara mbili. Nilichukua laptopu yangu, waya wa kuunganishia diski na bisibisi, nikapanda basi la kupitia Nanyamba na Tandahimba. Barabara ilikuwa ya vumbi. Nilifika alasiri nimegeuka rangi ya udongo, nikakuta wakulima wamekaa juu ya magunia yao, kimya. Ukimya ule ulinitisha kuliko kelele.

Mzani wenyewe ulikuwa mzima. Kioo chake kilionyesha kilo sawasawa, na karani angeweza kuandika kwa kalamu. Lakini msimu uliotangulia kulitokea ugomvi mkubwa: moja iliyoandikwa kwa mkono ilisomeka saba, na mkutano wa wanachama ukapitisha kwamba pasipo karatasi ya mashine hakuna kupima. Niliwaelewa. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani huuzi pale pale. Korosho zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, zinasubiri mnada, ndipo pesa inarudi. Katikati ya hapo mkulima anabaki na karatasi tu. Mwaka ule bei mnadani ilipita shilingi 3,000 kwa kilo, kwa hiyo nusu kilo ikipotea katika kila gunia, magunia kumi yanakula zaidi ya shilingi 15,000. Na kila siku ya kusubiri ilikuwa siku ya watu wa kangomba, wanaopita mashambani na kununua kwa bei ya kutupa kwa mwenye mgonjwa au ada ya shule.

Nilifungua ile kompyuta. Pawasaplai ilikuwa imeungua na kuondoka na bodi, ila diski ilikuwa salama. Tatizo ni kwamba programu ya mzani ilikuwa ya Windows, na laptopu yangu ilikuwa na Ubuntu 16.04, ambayo ni Linux, mfumo mwingine kabisa. Windows niliiondoa mwenyewe baada ya virusi vya flashi kugeuza mafolda yangu yote kuwa shotikati. Nilichokuwa nacho ni Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, niliyoishusha mjini kwa bando. Wine haibebi Windows ndani yake. Programu inapoomba kitu kwa lugha ya Windows, kama kufungua faili au kuchora dirisha, Wine inalipokea ombi hilo na kulitimiza kwa njia ya Linux. Kazi hiyo ilianza mwaka 1993, na tangu 1994 inaongozwa na Alexandre Julliard. Watu hao wameandika upya, kwa miaka na miaka, majibu ya maswali ambayo si wao waliyatunga. Naiheshimu sana kazi yao.

Nilinakili folda ya programu kutoka diski ya zamani, nikaibonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu ukibonyeza picha tu huoni kitu. Nilifungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaiita programu kwa jina, na mistari ikamwagika. Mingi ilianza na "fixme", ambayo ni waandishi wa Wine wakijiwekea alama kwamba jambo fulani halijakamilika. Mara nyingi unaipita. Niliutafuta ule wenye "err". Ulikuwepo: programu inahitaji MSVBVM60.DLL, na haipo. Basi programu iliandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ya zamani ya kuandikia programu za Windows, na mimi nilibeba folda yake nikaacha maktaba yake, yaani mafaili inayoyategemea, kule kwenye folda ya mfumo. Nikairudia diski ya zamani, nikalikuta faili, nikalileta.

Sasa ikalalamikia MSCOMM32.OCX, kipande cha kuzungumzia na poti ya siriali, tundu la kuunganishia vifaa kama mzani. Nililileta nalo, nikaliweka kwenye system32, folda ya mfumo ya Wine, nikalisajili. Likakataa. Nikarudia. Likakataa. Jua lilikuwa limezama na karani, binti mpole, akaniletea chai na mihogo. "Kaka, itawezekana?" Sikumjibu, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Nilikuwa nawaza upuuzi, kwamba faili limeharibika, kwamba diski ina kasoro. Nilipotulia nikatazama vizuri nikaona folda mbili, system32 na syswow64. Laptopu ilikuwa ya biti 64, na Wine ilijijenga hivyo. Katika mpango huo, mafaili ya biti 64 ndiyo hukaa system32, na programu ya biti 32, kama hii ya mzani, ikitafuta system32 hupelekwa kimyakimya syswow64. Faili langu lilikuwa kwenye chumba ambacho mwenye kulihitaji haingii. Ningeweza kulihamisha tu, lakini nilitaka kitu safisafi: nikaifuta folda ya .wine, inamokaa mifumo hiyo yote, nikaijenga upya kwa WINEARCH=win32, yaani ya biti 32 tupu, nikarudisha yote. Dirisha la kijani la programu likafunguka, na mjomba akasema "Alhamdulillahi" mapema mno, maana mahali pa kilo paliandikwa kosa namba 8002. Programu ilikuwa ikitafuta COM1, jina ambalo Windows huipa poti ya siriali ya kwanza, na haikuiona.

Laptopu haina poti ya siriali. Waya wa mzani ulipita kwenye adapta ya USB. Linux iliitambua mara moja na kuiita ttyUSB0. Kilichobaki ni kuiambia Wine kwamba COM1 ni hiyo, kwa kiungo kimoja ndani ya folda ya dosdevices. Nikakiweka. Kosa likabadilika, kilo hazikuja.

Safari hii sikubahatisha. Niliiweka Wine pembeni kabisa, nikaisoma poti moja kwa moja kutoka terminali. Jibu lilikuwa fupi: huna ruhusa. Kumbe jina langu halikuwa kwenye kundi la dialout, ambalo ndilo linaloruhusiwa kugusa poti hizo. Nikajiongeza, nikatoka kwenye akaunti, nikaingia tena, nikasoma poti. Tarakimu zikaanza kuteremka kwenye kioo cha laptopu, mstari kwa mstari. Mjomba akapanda juu ya mzani na kanzu yake. Sabini na mbili nukta tano. Akashuka, zikawa sifuri. Akapanda tena. Ilikuwa karibu saa saba ya usiku.

Asubuhi karatasi ya kwanza ya majaribio ilitoka, na karani akaikodolea macho. "Kaka, hapa pameandikwa mwezi wa kumi na mbili." Ilikuwa tarehe 12 Oktoba, na Wine ilifuata lugha ya laptopu, Kiingereza cha Marekani, ambacho hutanguliza mwezi. Angepita bila kuliona, karatasi zote za siku ile zingesomeka za tarehe 10 Desemba, na mkulima angesimama mbele ya ofisi fulani kubishania malipo yake akiwa na ushahidi unaompinga. Niliianzisha upya programu kwa LANG, mpangilio wa lugha, ya Uingereza, siku ikatangulia.

Wa kwanza kupima alikuwa bibi mmoja mwenye magunia mawili. Alimsubiri karani amsomee kilo kwa sauti, akaangalia kioo cha mzani, akaangalia karatasi, akarudi kwenye kioo. Kisha akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga na kulikaza fundo kwa meno.