Bata mzinga wa sikukuu aliyeacha kunikaukia

Miaka mitatu mfululizo bata mzinga wangu wa sikukuu alitoka mkavu, kidari kikichambuka kama nyuzi. Nilikuwa nikihesabu saa na kusubiri ngozi iwe ya dhahabu. Rangi ya ngozi haisemi lolote kuhusu ndani!

Kilichoniokoa ni kipimajoto cha nyama. Ninachoma ncha yake katikati ya sehemu nene ya kidari, bila kugusa mfupa, kwa sababu mfupa hudanganya kipimo. Kisha napima paja, pale linapoungana na mwili. Usalama ni nyuzi 74 za Selsiasi kila mahali, lakini paja huwa laini zaidi likifika 80 hivi.

Siri kubwa ni kumtoa mapema. Kidari kilipofika 71, nilimtoa kwenye oveni nikamwacha dakika 30. Joto la sehemu ya nje ya nyama liliendelea kuingia ndani, na kipimo kikapanda chenyewe hadi 74. Kama kisingefika, ningemrudisha kwenye oveni.

Nilipomkata, mchuzi ulibaki ndani ya nyama. Mama alirudia kidari mara mbili, yeye ambaye siku zote huomba paja.